UZI: Kumfuatilia mwenye ardhi wa Uingereza ya zama za kati kupitia magombo ya mahakama

Mzee wa Magombo

Wakuu, salamu kwenu. Kuna swali linarudi kila mara humu: mtu aliyeishi Uingereza miaka zaidi ya mia tano iliyopita, hakuacha shajara, hakuacha barua, watu wanayajuaje maisha yake karibu mwaka kwa mwaka? Jibu ni ardhi. Mwenye ardhi alishtaki na kushtakiwa tangu anapata urithi hadi anazikwa, na baada ya hapo mjane na warithi wakaendelea. Makarani wa mfalme waliandika yote kwa Kilatini kwenye ngozi ya kondoo, na sehemu kubwa ya ngozi hizo ipo hadi leo Kew, London, kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza.

Mfano wetu utakuwa Sir Thomas Malory wa Newbold Revel, kaunti ya Warwickshire, naiti aliyefariki Machi 1471, ambaye watafiti wengi wanamkubali kuwa ndiye aliyekusanya na kuandika hadithi za Mfalme Arthur akiwa gerezani. Karibu kila tunachokijua juu yake kimetoka kwenye nyaraka za sheria.

Kabla ya kufungua picha hata moja, jua ni mlango gani unagonga. Mahakama ya Madai ya Kawaida, iliyokaa Westminster, ndiyo iliyobeba kesi za ardhi na madeni kati ya raia na raia. Magombo yake yana alama CP 40, kuanzia 1273. Mahakama ya Mfalme yenyewe, KB 27, ilishika mambo yanayomgusa mfalme: uvunjaji wa amani, jinai zilizoletwa kutoka mikoani, rufaa. Faili za hati za mashtaka zilizotumwa huko ni KB 9. Mapatano ya ardhi yaliyofungwa mbele ya majaji ni CP 25/1, kuanzia 1195 hadi 1509. Uchunguzi baada ya kifo uko kwenye mfululizo wa C 132 hadi C 142, kila mfalme na namba yake, ila C 142 ina wafalme kadhaa. Barua za wazi za mfalme (misamaha, uteuzi, tume) ni C 66, barua zilizofungwa ni C 54. Maombi kwa Chansela (afisa mkuu wa mfalme, mshika muhuri) ni C 1. Hizo zinatosha kwa mtu wa daraja la Malory.

Anza na mapatano ya ardhi, CP 25/1. Wengi hukimbilia kesi za jinai kwa sababu zina utamu, halafu wanajikuta na matukio kumi yasiyo na mtu wa kuyabeba. Mapatano ndiyo yanakupa familia.

---

Binti Kanzu

Mzee wa Magombo, shikamoo. Hayo mapatano yanasomwaje? Nimeyaona kwenye muhtasari uliochapishwa, yanafanana yote kama mihuri.

---

Mzee wa Magombo

Marahaba. Yanafanana kwa makusudi. Ilikuwa kesi ya kutengeneza: muuzaji na mnunuzi wameshaelewana, mnunuzi anamshtaki muuzaji, kisha wanaomba ruhusa ya kupatana. Karani anaandika maneno yaleyale mara tatu kwenye ngozi moja, anaikata kwa mstari wa mawimbi. Kila upande unachukua nakala yake, na kipande cha chini, kinachoitwa mguu, kinabaki kwa mfalme. Mtu akighushi nakala, mawimbi hayatakutana na ya mguu.

Mapatano huanza *Hec est finalis concordia* (haya ndiyo mapatano ya mwisho). Soma kwa mpangilio huu: mwaka na siku ya mahakama, majina ya majaji (ruka), mdai, mdaiwa, mali, mgawanyo wa haki, na mwisho kiasi kilicholipwa. Uzito uko katikati, kwenye mgawanyo.

Mume na mke wakiwa wadaiwa pamoja, jiulize kwa nini mke yupo. Aghalabu ardhi ilikuwa yake, au alikuwa na haki ya fungu la mjane juu yake. Majaji walimhoji mke faraghani kuhakikisha hajalazimishwa, ndiyo maana wanunuzi walipenda njia hii. Kisha angalia udhamini (ahadi ya kumlinda mnunuzi dhidi ya madai ya wengine): ukiandikwa kwa ajili ya "warithi wa Joan" na si warithi wa mume, ardhi imetoka upande wa Joan. Umeshapata ukoo wa mama bila mtu yeyote kukutajia.

Watoto wakitajwa mmoja baada ya mwingine ("akifa bila mrithi wa mwili wake, iende kwa nduguye"), mara nyingi ni mpangilio wa kuzaliwa. Angalizo: mtoto wa kwanza anaweza asiwemo kabisa kwa kuwa alishapewa manori kuu kwingine. Kwa wasiozoea, manori ni shamba kubwa la bwana pamoja na wapangaji wake na baraza lake.

Na geuza ngozi. Hadi miaka ya 1360 mtu mwenye madai juu ya ardhi hiyo aliweza kuandikiwa pingamizi mgongoni mwa mguu. Muhtasari mwingi uliochapishwa hauonyeshi vizuri upande huo, na humo ndimo shangazi na binamu wanamojitokeza.

---

Karani_wa_Kale

Naongeza kuhusu kiasi na eneo. Msikokotoe ekari. "Nyumba 10, ekari 200 za kulima, ekari 20 za majani" ni maneno ya fomu yanayokusudiwa kuifunika mali yote, wala hakuna aliyepita na kamba ya kupimia. Pesa nazo ni za mkao: marka 100, paundi 20, paundi 100. Marka haikuwa sarafu, ilikuwa hesabu tu: shilingi 13 na peni 4, theluthi mbili za paundi. Paundi ni shilingi 20, shilingi ni peni 12. Kwenye mapatano ya karne ya 13 utakuta hata kipanga mmoja wa kuwindia ndiye malipo. Bei halisi, kama ilikuwepo, iliandikwa kwenye hati ya pembeni.

---

Mwanasheria Mtoro

Sasa hapa mimi ndipo napata shida na uzi huu. Kama ekari si za kweli, pesa si za kweli na kesi yenyewe si ya kweli, tunafuatilia nini? Si bora tukubali tu kwamba ni karatasi za mawakili?

---

Mzee wa Magombo

Swali zuri, na ndilo kiini cha kazi yote. Magombo yanaongea kwa fomu. Asiyeijua fomu ataamini kila neno, au atakata tamaa asiamini hata moja. Anayeijua atajua ni wapi karani ameikopi na ni wapi ametoka nje ya mstari. Pale anapotoka nje ndipo mtu wako alipo.

Chukua maneno *vi et armis*, kwa nguvu na silaha. Utayakuta kwenye maelfu ya kesi. Mahakama ya mfalme ilisikiliza malalamiko ya madhara pale tu amani ya mfalme ilipodaiwa kuvunjwa, basi kila wakili aliandika panga, pinde na mishale. Mwaka 1317 kuna kesi ya Rattlesdene dhidi ya Grunestone: mnunuzi wa pipa la mvinyo, aliyekuwa ameliacha kwa muuzaji, anadai kwamba washtakiwa walilichota "kwa nguvu na silaha, yaani panga, pinde na mishale" na kujaza maji ya chumvi. Hakuna aliyepigana vita na pipa. Yalikuwa malalamiko ya bidhaa iliyochakachuliwa.

Sasa mrudie Malory. Mwaka 1443 anadaiwa kumjeruhi na kumfungia Thomas Smith na kuiba mali ya paundi 40. Mwaka 1450 mali ya Hugh Smith: paundi 40 tena. Namba kama hizo zipitishe haraka. Lakini Juni 1451 anadaiwa kuchukua huko Cosford ng'ombe 7, ndama 2, mkokoteni na kondoo 335. Kondoo 335 haitoki kwenye fomu, kuna mtu alihesabu zizi lake. Julai 1451, akiwa ameshikiliwa nyumbani kwa sherifu huko Coleshill, anatoroka usiku kwa kuogelea kwenye handaki la maji linalozunguka nyumba. Hiyo nayo hakuna karani anayeikopi kutoka kitabu cha fomu.

---

Mwanasheria Mtoro

Nimekuelewa mkuu. Kwa hiyo alikuwa jambazi wa kweli?

---

Nuru ya Kisima

Taratibu hapo. Mashtaka mengi ya Malory yamo kwenye hati moja iliyoandaliwa Nuneaton tarehe 23 Agosti 1451, ikaenda kwenye faili za KB 9. Aliyeongoza kikao ni Humphrey Stafford, Dyuki wa Buckingham. Shtaka la kwanza kabisa kwa tarehe: kwamba Januari 4, 1450 Malory na watu 26 walimvizia kwenye msitu wa abasia ya Combe, ili wamuue, nani? Huyohuyo Buckingham. Mlalamikaji ndiye mwenyekiti wa baraza.

Hati ya mashtaka ni tuhuma iliyoapiwa na juri la mkoa. Ukitaka kujua iliishaje lazima uiache KB 9 uende KB 27, muhula (msimu wa vikao vya mahakama) kwa muhula. Januari 1452 alisimama Westminster akakana. Kisha majuri wanaitwa, hawaji, siku inaahirishwa, hawaji tena. Miaka inapita, anahamishwa kutoka gereza moja la London hadi jingine, na hukumu haipo. Asiyefuata muhula kwa muhula ataandika "alipatikana na hatia", na watu wameshaandika hivyo mitandaoni.

Kwa upande wangu sidhani kuwa yote yalitungwa. Wanaolalamika ni watu wa madaraja tofauti: abasia iliyovamiwa, wakulima wa Monks Kirby waliotozwa shilingi 100 kwa vitisho, mume wa Joan Smith anayedai mkewe alibakwa mara mbili. Buckingham alikuwa na sababu ya kuwakusanya, lakini kuwakusanya watu si kuwatungia malalamiko.

---

Mzee wa Magombo

Nakubaliana na Nuru, ila ningeweka mkazo kwenye mwaka. 1450 hadi 1451 Warwickshire ilikuwa uwanja wa kugombania kati ya wakubwa, na miaka michache kabla, 1445, mtu huyuhuyu alikuwa mbunge wa kaunti. Shtaka bila siasa ya kaunti lina nusu tu ya maana.

---

Binti Kanzu

Naomba sasa tuje kwenye vitendo. Mtu akiwa Dodoma au Mombasa, hana nauli ya kwenda London, anaanzia wapi?

---

Karani_wa_Kale

Sehemu kubwa ya magombo imepigwa picha na kuwekwa bure mtandaoni na mradi wa Anglo-American Legal Tradition wa Chuo Kikuu cha Houston, Marekani. Ni mamilioni ya picha. Hakuna kisanduku cha kutafuta jina, na hapo ndipo wengi hukimbia. Unakwenda hivi.

Chagua mfalme, kisha mahakama, kisha mwaka, kisha muhula. Mihula ni minne: Mikaeli (vuli), Hilari (Januari), Pasaka na Utatu. Gombo la CP 40 la muhula mmoja katika karne ya 15 lina mamia ya vipande vya ngozi, vimeshonwa kichwani kama daftari la kupekua, tofauti na magombo ya Chansela ambayo yameshonwa mkia kwa kichwa. Kila kipande kina mbele na mgongo, na kwa kawaida pande hizo ziko kwenye mafaili tofauti. Ukimaliza mbele hujamaliza gombo.

Usisome maandishi. Soma ukingo wa kushoto. Karani aliandika hapo jina la kaunti kwa kila shauri, kwa kifupi: Warr' au Warw' ni Warwickshire, Leyc' Leicestershire, Norht' Northamptonshire. Nyingine zina majina ya kushangaza: Ebor' ni Yorkshire, Salop' ni Shropshire, Wygorn' ni Worcestershire, na Hampshire inajificha kwenye Suht' au Suth'. Ukikosea Norht' na Norhumb' umehama kusini ukaenda mpakani mwa Scotland. Kwa Malory unazihitaji tatu za kwanza, kwa sababu ardhi zake zilikuwa Newbold Revel, Winwick (Northamptonshire) na Swinford (Leicestershire). Kaunti ikikutana na macho yako, soma mistari miwili ya kwanza tu: mdai na mdaiwa wako humo. Si wako, songa.

Tumieni kompyuta. Kwenye simu herufi zinavunjika ukikuza, na mikunjo ya ngozi inaonekana kama alama za ufupisho.

Mkinukuu, andikeni namba ya gombo na namba ya kipande, iliyo chini ya ngozi kwa kawaida, na kama ni mgongo semeni. Namba ya picha pekee haitamsaidia mtu tovuti ikipangwa upya.

---

Kiti Moto cha Hoja

Nimefungua CP 40 moja hapa kwa udadisi. Mashauri yote yanasema mdai alijitokeza siku ya nne na mdaiwa hakuja, sherifu aagizwe. Ndiyo nini?

---

Karani_wa_Kale

Karibu kwenye maisha halisi ya mahakama, mkuu. Mashauri mengi hayafiki hukumu. Kila unachoona ni hatua ya kumvuta mdaiwa: aitwe, achukuliwe dhamana ya mali, akamatwe. Sherifu anarudisha majibu ya aina tatu nne: "hana kitu cha kukamatia", "hakuonekana", "nimewapelekea maagizo maafisa wa eneo lenye kinga, hawajajibu". Kwako "hana kitu" ni dondoo nzuri, ila usiichukue kama umaskini. Inasema tu kwamba ndani ya kaunti ya sherifu huyo hakukuwa na mali aliyoiona, au aliyotaka kuiona.

Mdaiwa akizidi kukaidi anatangazwa kwenye mabaraza matano ya kaunti yanayofuatana. Baraza lilikaa kila baada ya wiki nne katika kaunti nyingi, kwa hiyo hesabu karibu miezi mitano. Asipotokea la tano, anawekwa nje ya ulinzi wa sheria. Ukiona mtu wako amewekwa nje ya sheria usimchore akikimbia msituni. Mara nyingi alikuwa nyumbani kwake akila chakula cha jioni, akisubiri kununua msamaha. Misamaha hiyo iko C 66, na ni hazina: inataja aliyemdai, kiasi cha deni na mahali mdaiwa anapokaa.

Msisahau orodha za mawakili mwishoni mwa kila gombo la CP 40. Mstari mmoja tu: fulani *ponit loco suo* (anamweka badala yake) fulani, dhidi ya fulani, shauri la ardhi. Mara nyingine ndiyo alama pekee iliyobaki ya kesi iliyomalizwa nje ya mahakama.

---

Nuru ya Kisima

Tarehe. Hapa watu wanaangukia pua.

Makarani walihesabu kwa miaka ya mfalme, na mwaka wa kila mfalme unaanza siku aliyoshika ufalme. Henry wa Sita: Septemba 1, 1422. Edward wa Nne: Machi 4, 1461. Malory anasema alimaliza kitabu mwaka wa tisa wa Edward wa Nne, maana yake kati ya Machi 4, 1469 na Machi 3, 1470. Wanaoandika "1469" wanapunguza kipande.

Siku za mahakama zinahesabiwa kutoka sikukuu, na siku yenyewe inaingia kwenye hesabu: "nane ya Mikaeli" ni Oktoba 6, "kumi na tano ya Mikaeli" ni Oktoba 13, "nane ya Hilari" ni Januari 20. Pasaka ikihusika lazima utafute Pasaka ya mwaka huo kwanza.

Mtego mkubwa ni mwaka wenyewe. Walihesabu mwaka mpya kuanzia Machi 25. Kumbukumbu ya maziko ya Malory, kwenye kanisa la Wafransisko karibu na gereza la Newgate, inataja Machi 14, 1470. Kwa hesabu yetu ni 1471. Na siku hiyo Edward wa Nne hakuwa kwenye kiti: Henry wa Sita alikuwa amerudishwa tangu Oktoba 1470, hadi Aprili 1471. Hati za miezi hiyo zinahesabiwa kwa Henry. Mtu anayetafuta kwenye orodha ya Edward pekee atakuta pengo la miezi sita na kuamini kuwa nyaraka zimepotea.

---

Mwanasheria Mtoro

Na majina je? Thomas Malory wangapi walikuwepo?

---

Mzee wa Magombo

Zaidi ya mmoja, na ugomvi wa wasomi ulidumu karne nzima. Wamependekezwa Malory wa Papworth St Agnes, mpakani mwa Cambridgeshire na Huntingdonshire, na mwingine wa Hutton Conyers huko Yorkshire. Wa Newbold Revel alikuja juu kwa hoja mbili za kisheria: alikuwa naiti, na alikaa gerezani. Mwandishi anajiita naiti mfungwa.

Kigezo chenu kikubwa ni sheria ya 1413. Tangu hapo, hati za mashtaka na zile zinazoweza kumfikisha mtu nje ya ulinzi wa sheria zililazimika kutaja daraja au kazi ya mdaiwa na mahali anapotoka. Kabla ya 1413 mnategemea majirani, mashahidi na majina ya mawakili. Baada yake, mnapata "wa Newbold Revel, naiti". Lakini sheria hiyo haikugusa kila waraka. Mwaka 1468 Edward wa Nne alitoa msamaha wa jumla na kuwataja watu waliotengwa nao, mmoja wao Thomas Malory, naiti. Mahali hapakutajwa. Kiungo hicho kinashikiliwa na cheo peke yake, kwa hiyo kiandikeni hivyo: "yaelekea ni yeye".

Umri ni tatizo jingine. William Dugdale, aliyeandika historia ya Warwickshire mwaka 1656, alimweka Thomas Malory kwenye msafara wa Calais enzi za Henry wa Tano. Kama ndiye huyu, basi alivamia abasia akiwa mzee wa makamo yaliyopita na akafa akikaribia themanini. Ukianza na nyaraka za ardhi na ushahidi badala ya Dugdale, Thomas anaanza kuonekana mwaka 1439 tu, akiwa bado hajapata unaiti, miaka michache baada ya baba yake John kufariki. Hilo linakaa vizuri zaidi na mtu aliyezaliwa karibu 1415. Wa Calais awe Thomas mwingine.

---

Binti Kanzu

Uchunguzi baada ya kifo haungemaliza ubishi wa umri? Nasikia wanataja umri wa mrithi.

---

Mzee wa Magombo

Unataja, ila una masharti. Ulifanywa kwa aliyeshika ardhi moja kwa moja kutoka kwa mfalme. Aliyepangishwa na bwana mwingine hana, hata awe tajiri. Afisa wa mfalme anaita juri la kaunti, linaapa: alishika nini, kwa huduma gani, thamani kwa mwaka, alifariki lini, mrithi ni nani na ana umri gani. Kila kaunti ina uchunguzi wake, na zinaweza kutofautiana tarehe ya kifo kwa siku kadhaa. Chukua ile ya kaunti alikofia. Umri "miaka 21 na zaidi" una maana moja: mtu mzima, hahitaji mlezi. Anaweza kuwa na 45. Umri wa mtoto ndio wa kuaminika kidogo, kwa sababu ulezi wa mtoto ulikuwa na pesa ndani yake: mlezi alikula mapato ya ardhi. Thamani ya ardhi nayo ilishushwa mara nyingi.

Kuna pia uthibitisho wa umri, ambapo mashahidi 12 wanaeleza jinsi wanavyokumbuka siku ya ubatizo: huyu alivunjika mguu, yule alizika mke. Inapendeza kusoma, lakini maelezo yaleyale yameonekana kwenye kaunti tofauti kwa warithi tofauti. Tumia tarehe, acha mguu.

Halafu kuna wanaokwepa. Kufikia karne ya 15 wenye ardhi wengi waliikabidhi kwa kundi la marafiki waishike kwa manufaa yao. Kisheria marafiki ndio wenyewe, na kundi halifi kwa siku moja, kwa hiyo mfalme hapati ulezi. Pia ilikuwa njia ya kurithisha kwa wasia, jambo ambalo sheria ya kawaida haikuruhusu kwa ardhi hadi 1540. Juri linaapa "hakushika chochote", na mtafiti anaandika "alifilisika". Tafuteni kundi hilo: majina manne hadi kumi yanayojirudia pamoja kwenye mapatano.

---

Abu Tarika

Mkuu, hii si wakfu kabisa? Mmoja anashika, mwingine anakula mapato.

---

Mzee wa Magombo

Inafanana kwa sura, Abu Tarika, na wapo wanahistoria waliodai Waingereza waliiga. Tofauti iko kwenye shabaha: wakfu huifunga mali isiuzwe, huku hawa walitaka uhuru wa kuiuza na kuigawa. Ugomvi wa mikataba hii mahakama za kawaida hazikuusikiliza, ukaenda kwa Chansela. Tazameni C 1. Maombi hayo hayana tarehe, mnakisia kwa cheo cha Chansela kilichotajwa juu. Jihadharini na "Askofu wa Bath na Wells": Chansela wawili walikuwa na cheo hicho, John Stafford (1432 hadi 1443, kabla hajawa Askofu Mkuu wa Canterbury) na Robert Stillington (kuanzia 1467). Ombi moja, miaka thelathini ya shaka.

---

Nuru ya Kisima

Nitie moja kabla uzi haujalala, kwa wanaopenda kujenga maisha ya mtu kwa waraka mmoja. Mei 1380 Cecily Chaumpaigne alimwachilia Geoffrey Chaucer, mshairi, madai yote, pamoja na ya *raptus* (Kilatini: kumchukua mtu kwa nguvu, au kubaka). Waraka huo ulijulikana tangu 1873 na kwa karibu miaka 150 ulisomwa kama dalili ya ubakaji. Mwaka 2022 zikatangazwa hati za kesi iliyotangulia: mwaka 1379 Thomas Staundon aliwashtaki wote wawili pamoja, Chaucer na Cecily, chini ya sheria ya vibarua, kwamba Cecily aliacha kazi kwake kabla ya muda na kwenda kwa Chaucer. Yaani wawili hao walikuwa upande mmoja wa kesi. Hati ya kuachilia madai ni mwisho wa shauri. Msiitafsiri kabla ya kutafuta hati ya wito iliyolianzisha, na hati za wito hazimo kwenye gombo, ziko kwenye mafaili ya sherifu ambayo wengi hawayagusi kwa sababu ni vumbi na uzi.

---

Kiti Moto cha Hoja

Mkuu Karani, kwa anayeanza kesho na jina la kijiji tu, mpangilio ni upi?

---

Karani_wa_Kale

Muhtasari wa CP 25/1 wa kaunti hiyo, ukitafuta kijiji badala ya jina la mtu. Halafu muhtasari wa uchunguzi baada ya kifo, kwa jina la kijiji tena, maana mtu wako anaweza kutajwa kama mpangaji wa marehemu. Kisha faharasa za C 66 na C 54 zilizochapishwa. Ukishapata miaka miwili mitatu ambayo una hakika alikuwa mahakamani, ndipo unafungua CP 40 kwa mihula ya miaka hiyo, pamoja na muhula mmoja kabla na miwili baada. Andika kila tahajia ya jina unayokutana nayo, Malory, Malorre, Mallere, Malarie, na usifute hata moja. Kijiji nacho: Newbold Revel kwenye hati nyingi ni Fenny Newbold.